Herufi Zilizoshiba

Nyumbani, juu ya duka la vitambaa,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo! Goti linasemaje siku hizi? Na baridi ya huko, bado inakuonea? Sisi huku wazima, ila Baba na kikohozi chake. Ukimwambia anywe dawa anakuwa mbogo.

Sasa nisikilize, maana nitapasuka! Zile herufi nilizokuwa nikizichora tangu mwaka jana nimezimaliza, A mpaka Z. Nene, za mviringo, hazina pembe hata moja. B ina tumbo la mtu aliyetoka harusini, na tundu la O limebaki dogo kama kitovu. Mume wangu alipoziona akasema, "Hizi zimekula mpaka zimevimbiwa."

Bosi wangu wa duka la mabango yeye hakucheka. Alisema hakuna mteja mwenye akili timamu atakayezitaka. Nikazibandika ukutani nyuma ya meza yangu, nimenyong'onyea.

Basi akaja Kimya. Humjui: ni seremala wa mtaa wa nyuma, mtengeneza majeneza, na jina hilo kapewa kwa sababu maneno kwake ni adimu. Alitaka kibao kipya. Akazikodolea macho herufi zangu mpaka nikaona haya, halafu akasema, "Nataka hizo."

Nikamwambia, "Fundi, hizi zinacheka. Kwako watu wanakuja wakilia."

"Ndiyo maana. Nimechoka na vilio," akasema. "Vitanda vya watoto natengeneza, tena vizuri, lakini nani atamleta mwanawe kwa mtu wa majeneza? Hayo namwachia mdogo wangu. Niandikie VITANDA VYA WATOTO."

Shangazi, nilikipaka mwenyewe, njano juu ya buluu! Alhamisi kikapandishwa. Bosi alikuja kutazama, mikono mfukoni, akisubiri nichekwe. Watu wakasimama kweli. Mara mama mmoja mjamzito, ambaye siku zote akifika hapo huvuka barabara asipite mlangoni, akakisoma kwa sauti, akaangua kicheko, akaingia ndani. Kimya aliongea siku hiyo mpaka sauti ikamkauka!

Sasa muuza aiskrimu anazitaka, shule ya chekechea inazitaka, na bosi anamwambia kila mtu kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Namwacha tu afaidi.

Ila yule mama hakuwa mteja wa kwanza wa vitanda. Mimi nilishaagiza changu rangi ya kibao ikiwa bado mbichi. Ndiyo, Shangazi, umesoma sawasawa! Ukimwacha mume wangu, Baba na Mama nimewaambia leo asubuhi, na wa tatu ni wewe. Jina utachagua wewe.

Wasalimie mapacha wako na majirani wote wanaokutunza. Mama anakusalimu sana. Mume wangu naye; tangu apate habari anatembea kama aliyevaa viatu vipya. Mungu akuhifadhi huko uliko, akulete kwetu na kicheko chako chote.

Wako akupendaye kupita kiasi,
Binti wa kaka yako