Ngatu ya Lata

Jumanne, 4 Juni 2019
Tumemaliza kubandika vipande vya ngatu, kitambaa chetu cha magome! Wiki nzima tunatwanga magome, kelele mpaka mbwa wamehama. Sasa kitambaa kimetandazwa ukumbini mwa kanisa, kimefika mlangoni. Kimebaki kuchorwa, na mchoraji ni Lata, binti wa marehemu kaka yangu. Seini, mwenzetu kikundini, mdomo wake kama kawaida, kamwambia asijisumbue, hao watalii wa hotelini wataitandika chini mbwa wao wailalie. Lata kacheka tu.

Hii ndiyo oda ya kwanza ya kikundi chetu cha wanawake. Ikifika kwa wakati, hoteli itataka nyingine, na wenzangu hawatakwenda ng'ambo kuchuma matunda kama wanangu.

Nyumba kimya. Nimekula muhogo wa jana.

Alhamisi, 6 Juni
Njiwa aliowachora Lata karibu waruke. Kabakisha mmoja, jicho tu. Atalichora Jumamosi, anasema, macho yamechoka. Meli ya kuichukua ngatu ni Jumanne, haraka ya nini?

Kapita kwangu kunywa chai. Ni yeye peke yake anayekuja bila kuitwa.

Jumamosi, 8 Juni
Lata amefariki. Kaanguka shambani asubuhi. Nesi anasema sukari.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 9 Juni
Kwa mila yetu shangazi wa marehemu ndiye mwenye cheo cha juu: hapiki, hamenyi, hafagii. Anakaa kichwani pa maiti, juu ya mikeka, anapokea zawadi. Shangazi ni mimi.

Wenzangu wote wako jikoni. Nawasikia — wanalia, mara wanacheka, mara wanalia tena. Nikatoroka niwasaidie kumenya viazi vikuu. Seini kanipokonya kisu. "Rudi ukae kwenye cheo chako, Shangazi. Unataka tulaaniwe?"

Nikarudi. Nyumba imejaa watu na sijawahi kuwa mpweke hivi.

Jumatatu, 10 Juni
Asubuhi wenzangu wameingia kwa magoti, wanaburuta ngatu. Ile ile! Nikamnong'oneza Seini: hiyo ni ya hoteli, meli ni kesho. Akajibu bila kuniangalia. "Tumlaze kwenye blanketi la dukani? Mkono wake uko humu ndani."

Hawakuniomba ruhusa. Shangazi haulizwi, huletewa.

Wakamlaza juu yake mpaka saa ya kaburi. Tuliporudi, zawadi zikagawiwa. Iliyo bora kuliko zote ni haki ya shangazi. Wakaikunja ngatu, wakaiweka miguuni pangu, wakainama, wakarudi jikoni.

Jumanne, 11 Juni
Ngatu iko hapa chumbani. Ni yangu. Nikiipeleka melini hakuna wa kunizuia, na nitakuwa nimeuza kitanda cha mwisho cha mtoto wa kaka yangu. Nikiibakiza, oda imekufa, na Seini ameshasema atakwenda kuchuma matunda. Wengine watamfuata.

Nimekunjua pembe moja. Njiwa yule hana jicho bado. Nimelia kwa sauti, mwishowe.

Honi ya kwanza ya meli imelia. Lori limesimama nje, dereva anazima injini, anawasha. Wanawake wote wamekaa barazani kwangu, hata Seini. Nimefungua mlango, nikauliza: mnaonaje?

"Ni yako, Shangazi," Seini kasema. "Sema wewe."

Nimerudi ndani. Honi ya pili. Lata angeingia tu, akaweka chai jikoni, akaniambia anavyoona, bila kujali cheo changu.