Darubini Iliyovishwa Kitambaa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapandwa na presha, mimi ni fundi makochi na nina binti mmoja, alipokuwa wa kwanza darasani nikamnunulia darubini ya kutazamia nyota kama nilivyomwahidi, nyeupe, nzuri, ina miguu mitatu, nikaiweka sebuleni kando ya kabati la vyombo, mke wangu akaifumia kitambaa cha maua, na sasa wageni wakiingia hata hali hawatujulii, wanauliza, "Hiki ni nini?", basi binti anataka kuitoa uani, kwenye vumbi, ati aone mwezi, nikamwambia mwezi unaonekana hata bila chombo, juzi nikamkuta ameshakivua kitambaa, nikampokonya, akaniambia mbele ya shemeji yangu, "Baba, hii ni yako au yangu?", na wiki ijayo anakwenda shule ya bweni na amekataa nisimsindikize, anamtaka mama yake tu, sasa mimi nimekosa nini, maana kazi yangu naijua, kochi linaloletwa kwangu limeraruka ni lile lililokaliwa, lililofunikwa nailoni haliji.

Baba Mwenye Uchungu

Baba Mwenye Uchungu, pole, ila pole kubwa nampa binti. Umempa zawadi mchana, jioni umeipokonya, halafu unauliza umekosa nini? Nyumba njema si mlango, na darubini njema si miguu mitatu. Wewe umeifanya mlinzi wa vyombo! Na mama mfumaji asijifiche nyuma yako, nimemwona.

Lakini najua kinachokuuma si vumbi. Unaogopa mwanao ataondoka amenuna, na una haki ya kuogopa, kwa sababu mtoto akishazoea kukuficha anachokipenda, hata likizo atakuja kama mgeni.

Sasa nisikilize. Leo mchana itoeni uani, muiweke kwenye ardhi ngumu, muilenge kwenye mnara wa mbali, mkirekebisha kile kijidarubini cha kulengea kilichopachikwa juu yake mpaka kionyeshe kilekile inachoonyesha darubini kubwa. Msiielekeze kwenye jua hata kwa mzaha, mtapofuka. Jua likizama, zimeni taa ya uani. Bahati yako wiki hii mwezi ni nusu, na hapo ndipo vivuli huonyesha vizuri milima na mashimo yake. Anzeni na lenzi inayokuza kidogo, maana wenye pupa ya kukuza sana huishia kuona ukungu. Darubini ikichubuka, ichubuke.

Na binti akiita, "Baba, njoo uone!", usimuulize kama amenawa mikono. Nenda.