Kifaransa cha Misa ya Mzee

Jumapili jioni, Kabuga. Mvua inapiga bati tangu tuliporudi kutoka kwa wakwe Niboye na haina dalili ya kukatika. Nimejifungia chumbani na daftari la Kifaransa ambalo natamani kulitia moto. Nina hasira. Nina aibu pia, ila niacheni nianze na hasira, hiyo naiweza.

Wiki nzima nimelala na kuamka na kitu kinaitwa subjonctif passé, umbo moja la vitenzi vyao. Asitokee mtu hapa chini kwenye maoni kuniambia Kifaransa ni lugha tamu. Utamu nimeutafuta sijauona.

Kisa chenyewe: leo tumefanya misa ya kumkumbuka baba mkwe wangu, mwaka mmoja tangu atutoke. Baada ya misa watu hurudi nyumbani kwa marehemu, wanakula, wanakunywa, na mmoja wa familia anasimama kuwashukuru. Kwa kawaida ni mtoto wa nyumba. Lakini wifi yangu Clarisse, ambaye angeweza kulihutubia hata bunge bila karatasi, akatangaza Jumapili iliyopita kwamba safari hii atasimama mkaza mwana, tena kwa Kifaransa, maana kuna ndugu wamekuja kutoka Ubelgiji. Kisha akanitazama na kutabasamu.

Tabasamu lile nalijua. Alitaka nianguke mbele ya watu.

Familia ya mume wangu ilikulia Bujumbura, shuleni Kifaransa, nyumbani Kifaransa, hata kugombana kwa Kifaransa. Mimi nimekulia Mwanza. Nilikuja Kigali na Kiswahili changu, Kiingereza cha shule na Kinyarwanda ambacho wananicheka mpaka leo. Kwao Kiswahili ni lugha ya sokoni, na ukimwita mtu Mswahili umemwambia ni mjanja mjanja, mtu wa kuuza kitu asicho nacho. Clarisse huniita "Mswahili wetu". Wageni hucheka. Na mimi hucheka, mjinga mimi.

Mzee, huyo baba mkwe, peke yake ndiye aliyekuwa akiongea nami Kiswahili. Alifanya biashara ya samaki na Kigoma miaka mingi, akakipenda. Nikiingia tu mlangoni ananiita, "Mwanamke wa Mwanza, njoo unipe habari!" Kwa ajili yake nikakubali kusimama. Nikasema potelea mbali, nitakisoma hicho Kifaransa chao mpaka kinyooke.

Sasa, ukitaka kumwambia Mfaransa "tumefurahi kwamba mmekuja", huwezi kusema tu kama binadamu. Kwa kuwa kuna furaha, na kwa kuwa kuja kwenyewe kumekwisha, lazima uchukue kile kitenzi chao cha "kuwa" au cha "kuwa na", ukigeuze kwa umbo la subjonctif, halafu ndipo ulete kitenzi chako. Na vitenzi vya kwenda na kuja vina mume wao, vingine vina mume mwingine, ukivichanganya umeaibika. Huzuni, furaha, hofu, mashaka, majuto: ukihisi lolote juu ya jambo lililokwisha pita, unapita mlango huohuo. Wahenga wetu walisema majuto ni mjukuu wakaishia hapo. Wafaransa wamemjengea mjukuu nyumba na kumwekea mlinzi.

Rasimu yangu ya kwanza niliandika "que vous avez venu", kitenzi cha kuja na mume asiye wake. Nikamtumia Clarisse kwa heshima, aniangalizie. Unajua alifanya nini? Aliichorea duara jekundu, akaipiga picha, akaitupa kwenye kundi la familia. Shangazi yao wa Ubelgiji akaweka vile vikatuni vya kulia kwa kicheko. Mume wangu akaniambia nisijali, ni utani.

Nikarudi kwenye daftari. Asubuhi kabla ya kazi, mchana nikila, nikisonga ugali. Que vous soyez venus. Que vous ayez prié avec nous. Bien que Papa soit parti. Mwanangu wa miaka sita akaanza kuimba nami kama wimbo wa chekechea. Kufika Alhamisi ningeweza kukuambia kwa Kifaransa safi kwamba nasikitika umezaliwa, wifi.

Nilipiga simu Mwanza kumlalamikia dada yangu Neema, kama kawaida yangu. Na hapa lazima nikiri tabia moja. Kila Jumamosi huwa nakwenda Niboye kumsaidia mama mkwe kupika, na jikoni kule ndiko ninakopigia simu zangu. Mama mkwe huwa amekaa kwenye kigoda pale mlangoni, anamenya maharage, hasemi kitu. Kwangu husema Kinyarwanda cha maneno matatu, kilichobaki Kifaransa. Miaka minane sijamsikia akitamka neno la Kiswahili. Kwa hiyo nikawa namsema mbele yake, mchana kweupe, nikikata vitunguu. Jina nililompa ni Jiwe. "Jiwe limenuna leo." "Jiwe halijagusa chakula changu." Neema anacheka huko, mimi nacheka huku, na mwenyewe anamenya maharage.

Nilijiona nina akili kweli.

Leo basi. Sebule imejaa hadi uani, viti vya kukodi, Fanta na bia, Clarisse kakaa mbele kabisa kashika simu yake tayari kunirekodi. Nikasimama. Nikasema tumeguswa kwamba mmekuja, kwamba mmesali pamoja nasi, na kwamba ingawa Baba ameondoka, mlango wake uko wazi. Nikamaliza. Kila kitenzi na mume wake halali. Shangazi wa Ubelgiji akapiga makofi. Clarisse akaishusha simu taratibu, na uso wake, jamani, ningekuwa na fremu ningeuweka ukutani.

Watu wakapanga foleni kumkumbatia mama mkwe, na mimi nikapanga, kichwa juu. Zamu yangu ilipofika akanivuta kama wanavyokumbatiana huku, shavu kwa shavu, akashika mkono wangu hakuuachia. Akanisemea sikioni, polepole, kwa Kiswahili cha Bujumbura:

"Umesoma muzuri, mwanangu. Hata jiwe imesikia."

Kisha akaniachia, akamkumbatia aliyefuata.

Sikumbuki nilivyofika jikoni. Nakumbuka nilishika karai la vyombo nikaosha sahani safi. Kwenye gari nikamuuliza mume wangu, mama yako anajua Kiswahili? Akaniangalia kama nimemuuliza kama mama yake ana macho. Eti alipokuwa msichana aliuza vitenge sokoni Bujumbura, wateja wake nusu walikuwa Waswahili, alikuwa anajibizana nao kutwa. Aliacha kukisema alipoolewa, wifi zake walimcheka kwamba anaongea kama mtu wa sokoni. "Nilidhani unajua," akasema. Ulidhani! Miaka minane unadhani! Nimemnunia mpaka saa hii na chai yake amejipikia mwenyewe.

Na Mzee alijua. Alikuwa akikaa uani nyuma ya dirisha la jikoni, na mara nyingi nilimsikia akicheka peke yake nikiwa kwenye simu. Nikidhani anafurahia redio.

Ningeishia hapo kichekesho kingekuwa kitamu. Mkwe kamnasa mkaza mwana, tumecheka, tumemaliza. Lakini kuna siku moja sijaitaja na nimezunguka ukurasa mzima nikiikwepa.

Wiki ya pili baada ya mazishi nilikuwa jikoni palepale, nalia, naongea na Neema. Nikasema, nanukuu mdomo wangu mwenyewe: "Mungu naye! Si angelichukua hili jiwe akatuachia Mzee."

Mama mkwe alikuwa pale mlangoni na ungo mapajani. Nakumbuka mikono yake ilisimama. Nikadhani amepata punje mbovu. Baadaye ikaendelea kumenya.

Mjane wa siku kumi na kitu. Na Jumamosi iliyofuata alinipokea mlangoni, akanipa kisu na vitunguu, kama siku zote. Mwaka mzima hakumwambia Clarisse. Angemwambia ningekuwa nimeshafungishwa virago. Hakumwambia hata mwanawe.

Nimejaribu kuiandika kwa Kifaransa, maana ndicho nilichonacho mkononi wiki hii. Je regrette que vous ayez entendu. Nasikitika kwamba umesikia. Haina kosa, hata Clarisse asingepata pa kuchora duara. Na ni uongo wa mwizi anayesikitika kwamba ameonekana. Kosa si masikio yake. Kosa ni mdomo wangu, na mdomo huo haukuteleza, ulisema ulichomaanisha.

Nisijifanye malaika. Bado simpendi. Miaka minane ananiacha nihangaike na Kinyarwanda changu kibovu, naye lugha yangu anayo mdomoni kaificha. Walimcheka yeye, akakaa kimya wakinicheka mimi. Hilo nalo nitamwambia, siku moja, si kesho.

Kesho nikitoka kazini napita Niboye. Clarisse atakuwa kazini kwake Kimihurura, nyumba itakuwa tupu. Nitachukua ungo nikae chini, yeye abaki kwenye kigoda, tumenye maharage. Nimejiuliza jioni nzima nitaanza kwa lugha gani, kana kwamba kuna la kuchagua. Nilimwombea kifo kwa Kiswahili, na yeye akanyamaza kwa Kiswahili.

Daftari litabaki hapa mezani.