Samaki Uliyemwongeza

Fundi Okelo,

Uko? Mimi niko. Bado nafungua kibanda chetu cha kuandika mabango hapa Suna kila asubuhi, na bado najibu "Niko" kwa lile swali lako la "Uko?" ulilokuwa ukilitupa kabla hata hujavuka mlango. Jirani yetu wa viatu anadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Mwache.

Nina habari ya kukuchekesha. Unaukumbuka ukurasa ule ukutani, juu ya mkebe wa brashi, ulioachiwa na Mjapani mmoja wa kujitolea alipokuwa akirudi kwao? Herufi moja ya Kijapani, ya samaki, imerudiwa safu kwa safu mpaka karatasi yote imejaa. Alikuambia ni shairi la kutazamwa, ukamwamini nusu. Halafu ukaona katikati pana pengo. "Ai, hawa watu rangi iliwaishia!" ukasema, ukachukua brashi nyembamba na rangi nyeusi ya mafuta, ukawamalizia kazi. Siku nzima ulijisifu kwamba umeisaidia Japani.

Juzi amekuja Haruka, mwalimu wa hesabu kutoka hukohuko Japani, anafundisha shule ya jirani. Alitaka bango la darasa. Akaukazia macho ukurasa wetu, akauliza huyu samaki mnene wa katikati ametoka wapi. Nikamweleza. Fundi, alicheka mpaka akakalia ndoo ya rangi ya kijani, na kifuniko kilikuwa bado kibichi. Sketi yake sasa ni bango.

Kumbe kwao kuna washairi wanaofanya hivyo makusudi. Neno moja wanalipanga mpaka linakuwa kitu chenyewe, na mahali peupe panasomwa sawa na palipoandikwa. Lile pengo ndilo lilikuwa shairi: samaki mmoja ameponyoka. Wewe ukamrudisha! Haruka akaniambia anaweza kumkwangua taratibu kwa wembe. Nikakataa kabla hajamaliza kusema. Huyo ndiye samaki pekee niliye naye wa mkono wako.

Hapo nililia kidogo, sikufichi. Lakini ndipo pia nilipojua la kufanya. Mama Otieno, mkeo, alikuwa amenikabidhi msalaba wa kudumu wa kaburi lako, uwe tayari kwa maombi ya mwaka mmoja tangu ulipotuacha, kule nyumbani kwako Homa Bay. Nilikuwa nimeuandika mara tatu na kuufuta mara tatu. Wewe uliyewaandikia watu wote misalaba yao, nikuandikie nini? Kila nilichojaribu kilikaa kama tangazo la duka, na siku zilikuwa zinakwisha.

Basi nikaweka jina lako juu, kwenye ubao wa kukingama. Chini yake nikapanga NIKO, NIKO, NIKO, moja kwa kila mtu aliyewahi kukuitikia: mkeo, watoto wako, mimi, hata jirani wa viatu. Nilianza na herufi ya mwisho nikirudi nyuma, kama ulivyonifundisha, ili zisibanane ukingoni. Katikati nikaacha nafasi ya neno moja.

Jumamosi tuliusimamisha kaburini. Pasta akauzunguka, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Achieng', hapa katikati rangi iliisha?" Mama Otieno ndiye aliyeangua kicheko kwanza, nami nikamfuata. Kisha akaweka kiganja chake pale penye nafasi, akakiacha hapo. Hakuna aliyeuliza tena.

Pumzika, fundi wangu. Jua la kwenu ni kali, kwa hiyo kila mwaka nitakuja na mkebe wangu niipake upya kila NIKO. Ile nafasi sitaigusa. Na ole wake atakayekuja na brashi kunisaidia.

Mwanafunzi wako,
Achieng'