Kwa Nini Tulisema "Sawa Tu"

Mjukuu wangu Salma,

Natumai baridi ya huko Glasgow haijakushinda. Sisi hapa Alum Rock wazima. Goti la babu yako limepoa, maneno yake ndiyo hayapoi.

Umeniuliza kwa nini watu wanaojitolea kwenye jumuiya yenu huitikia kila mpango, kisha hunung'unika mlangoni. Mwanangu, hata mimi sielewi.

Nilipokuwa msichana hapa Birmingham, jumuiya yetu ilikuwa ikiwapelekea wazee chakula majumbani. Siku moja mwenyekiti akatukusanya sisi wapishi, akatuuliza kwa adabu tunataka jumuiya ielekee wapi. Tukajibu, "Sawa tu, mzee, vyovyote mtakavyoamua." Tuliporudi jikoni kukunja sambusa, midomo ikafunguka: wazee hawana njaa, wana upweke, wanataka kuja kula na wenzao.

Mwenyekiti akaingia, tukanyamaza. Naye hakuuliza kitu. Akavuta kiti, akachukua manda, akaanza kukunja. Sambusa zake zikamwaga nyama kila pembe. Tukacheka, tukamfundisha, na katika kumfundisha tukamwambia yote. Haukupita muda, wazee wakawa wanakula nasi ukumbini.

Alipouliza tulinyamaza, aliponyamaza tukasema. Mpaka leo sijui kwa nini.

Jumamosi iliyopita kamati ya sasa, watoto wa wapishi wenzangu wale, iliniuliza maoni yangu kuhusu mipango yao. Nilikuwa na mengi moyoni. Nikasema, "Sawa tu, wanangu."

Ukipata jibu, nipigie.

Bibi yako, anayejishangaa