Kiti cha Babu Sao

Lindi, 4 Agosti 2024

Mama mdogo Martina,

Shikamoo. Natumaini mguu umepona na Kilwa Masoko wote wazima. Mimi ni mzima, ila moyo hautulii.

Babu Sao na Bibi Nang unaowapikia ni wasomi wote wawili. Wametoka Burma kuchunguza shanga za magofu yetu, na Bibi ndiye anayemsahihishia Babu maandishi. Mbona Babu hukaa kitini na Bibi chini, miguuni pake? Kwa sababu ukoo wa Babu ulitawala huko kwao? Kumuuliza Babu kwa mdomo nilipokuwa huko sikuweza, nimemwandikia. Tafadhali mpe bahasha hii.

Mwanao, Skolastika

Kilwa Masoko, 19 Agosti

Mwanangu Skola,

Marahaba. Mguu afadhali. Mtoto mkimya hivyo, kumbe kalamu yako ina pilipili! Ungenifukuzisha kazi.

Babu aliisoma, akashuka mkekani. Bibi akasogea, akakaa kwenye saruji tupu. Babu akasema, "Nikikufuata tena chini, tutafika kisimani." Bibi hakucheka. Jumba la wazee wao huko Burma, walimokaa hivyo, lilibomolewa, halikubaki hata tofali. Kukaa vile, anasema, ndicho chumba pekee alichobaki nacho, na wewe umekibomoa. Sasa hawasemeshani. Mimi ndiye ninayepeleka maneno: mwambie chai tayari, mwambie asante.

Mama yako mdogo

Lindi, 25 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo. Habari za huko? Kitabu hakisomeki. Mwambie Bibi sikujua. Nilidhani namtetea. Wakianza kusemezana, niandikie siku hiyohiyo.

Mwanao, Skolastika

Lindi, 22 Septemba

Shikamoo Mama mdogo. Mbona kimya? Likipita basi la Kilwa naacha kumsikiliza mwalimu. Hata kama Bibi amenikasirikia, niambie tu.

Skolastika

Kilwa Masoko, 13 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Nilikuwa nauguza. Babu Sao ametutoka Ijumaa. Usijilaumu, ni maradhi ya moyo, alikuwa nayo tangu zamani.

Babu alikuwa amerudi kitini; kilipomshinda kukalia tulimlaza mkekani. Bibi akakaa palepale kwenye saruji, na wakarudi kusemezana. Walibishania shanga moja kutwa nzima, mpaka nikawaambia wali unaungua kwa kelele zao. Babu aliniagiza: "Mwambie Skola nilishuka, lakini kumfikia Bibi nimeshindwa."

Bibi hakikalii kile kiti. Macho yake yamechoka. Anataka ukifunga shule uje umsomee, na msomaji akae kitini, dirishani penye mwanga.

Mama yako mdogo

Lindi, 20 Oktoba

Mama mdogo,

Shikamoo. Poleni sana. Nimelia maktabani, wenzangu wakadhani ni hesabu.

Mwambie Bibi nitakuja, na kile kiti nitakikalia. Sitamuuliza tena kwa nini yuko chini. Nitapaza sauti, asikie mpaka kwenye saruji.

Mjukuu wake, Skolastika