Mama Mkwe, Chumvi Ilikataa Kushuka

Mpendwa mama mkwe, Mama Ouma,

Ningeanza kwa kukujulia hali, kisha niulizie mvua na ng'ombe, maana ulinifundisha kwamba ndivyo barua ya heshima inavyokwenda. Lakini wewe umelala huko nyumbani kando ya ziwa miaka mingi sasa, na mimi nimekasirika. Nilianza kukukasirikia nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na uzee haujanipunguzia hata kidogo. Basi niende moja kwa moja kwenye jambo lenyewe, ambalo ni chumvi.

Unakumbuka nilivyofika Kericho? Ilikuwa miaka ya hamsini, mwanzoni. Ouma wako alikuwa amenioa tu, naye akifanya kazi kiwandani, kwenye chumba cha kukaushia majani ya chai. Wewe ulikuwa na hoteli yako ya mabati kando ya barabara, karibu na lango la shamba. Nilishuka kwenye basi na sanduku moja, na sufuria kubwa ya alumini yenye kifuniko chake, zawadi ya mama yangu mzazi. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilitegemea useme karibu mwanangu. Ukasema, "Nyar Sakwa," maana hivyo ndivyo ulivyoniita siku zote, binti wa Sakwa, "weka hiyo sufuria chini. Shika huu mkebe, utikise."

Nikatikisa. Hakikutoka kitu.

"Umeona?" ukasema, kana kwamba ni mimi niliyeziba matundu.

Sikujua bado nimeolewa katika vita gani. Pale Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri, na asubuhi ukungu hulala juu ya chai mpaka jua likasirike. Chumvi inatoka duka la Mhindi ikiwa kavu kama unga, na baada ya siku mbili mezani imekuwa jiwe. Zamani ulikuwa unaiweka kwenye bakuli, kila mteja anachovya. Lakini ugonjwa wa kuendesha ulipopita kwenye kambi za wafanyakazi, kabla sijafika, bwana afya alikuja hotelini mchana, akawatazama watu wakiingiza vidole vyenye ugali kwenye bakuli lile lile, akakuita mbele ya wote.

"Mama, hii bakuli iondoke. Nikirudi nikute mikono bado inaingia kwenye chumvi, nafunga hapa."

Mimi nilipokuwa mgeni wa wiki mbili, nikatoa shauri langu. Nikasema tutie chumvi ya kutosha jikoni, tusiweke mezani kabisa. Ukanitazama kwa huruma. Ukasema watu wa chumba cha kukaushia wanatoka jasho tangu alfajiri, wanataka chumvi juu ya chumvi, wasipoipata kwetu watavuka barabara. Nikasema basi tuiyeyushe kwenye maji, tuiweke kwenye chupa. Ukasema, "Mtu anataka kuiona chumvi yake." Tangu siku hiyo nikaacha kutoa mashauri, na wewe ukadhani nimekubali.

Ulikuwa umeanza na mkebe wa kakao, ukautoboa kwa msumari. Matundu yakaziba. Ukaongeza matundu. Chumvi ikamwagika yote kwenye sahani ya mzee mmoja wa kupogoa chai, halafu mvua ikanyesha, matundu yote yakaziba pamoja. Ukaweka kijiti cha kiberiti kando ya kila mkebe ili mteja azibue mwenyewe. Wakatumia vijiti kuchokonoa meno. Ukatengeneza kifuniko chenye sindano zinazoingia kwenye kila tundu, na sindano hizo zilikuwa zangu, za kushonea. Uliniambia unaziazima. Siku tatu baadaye zilikuwa nyekundu kwa kutu, na chumvi ilikuwa nyekundu pia, na mteja mmoja akauliza kama tumeanza kutia pilipili.

Na kila asubuhi, kabla sijainjika chai ya watu, ulinitaka niikaange chumvi kwenye karai mpaka ikauke. Nilikuwa na mimba ya Awino. Moshi ulinitoa machozi, mgongo uliniuma, na wewe ulisimama nyuma yangu ukisema, "Geuza, geuza, upande huo bado." Saa sita mchana ilikuwa jiwe tena. King'ora cha kiwanda kikilia, watu wanaingia, na kelele zinaanza: gonga, gonga, gonga, mikebe juu ya meza. Meza moja ilipoteza mguu. Mpaka leo nikisikia mtu anagonga kitu mezani naondoka chumbani.

Ouma nilimlalamikia. Akacheka. "Mama akishika kitu ndivyo alivyo," akasema, akaondoka kwenda zamu yake. Yeye alikuwa na pa kwenda.

Halafu ikaja ile siku ya kifuniko. Nilikuwa nimekwenda kuchota maji. Niliporudi nilikukuta umekaa kwenye kigoda, mkasi wa kukatia bati mkononi, na kifuniko cha sufuria yangu kimekatwa vipande vya mviringo, vizuri kabisa, kama chapati ndogo. Ulikuwa umegundua kwamba alumini haishiki kutu nyekundu, inafaa kwa vifuniko vya mikebe. Ulifurahi sana. Ulinionyesha kipande kimoja ukitaka nifurahi nawe.

"Mama," nikasema, "hicho ni kifuniko cha sufuria ya mama yangu."

"Sufuria bado iko," ukasema. "Mimi nimechukua kifuniko tu."

Nilikuwa sijawahi kukupandishia sauti. Siku hiyo niliipandisha mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakatoka mlangoni. Nilisema hukunichukua kama mke wa mwanao, ulinichukua kama ghala la vyombo. Nilisema chumvi ikuzike. Hilo la kuzika silijutii, ulistahili. Uliendelea kulainisha ukingo wa kile kipande kwenye jiwe, taratibu, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikachukua leso yangu nikatoka.

Nilitaka kurudi Sakwa, lakini kwa miguu na tumbo lile Sakwa ilikuwa mbali. Nikashika njia ya kupita katikati ya chai mpaka kwa Mama Chebet, yule Mkipsigis aliyetuletea maziwa kila asubuhi. Alinipa mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa kwenye kibuyu, kwenye kikombe, akaendelea na kazi yake. Alikuwa anashona kibuyu kilichopasuka. Anachoma ncha ya chuma kwenye moto, anaibonyeza kwenye kibuyu, tss, tundu linatokea. Anahamia pembeni kidogo, tss, lingine. Kisha anapitisha uzi wa ngozi na kuvuta.

Nilikaa pale kupumzika kutokana na habari zako, mama. Kusudi langu lilikuwa hilo tu. Lakini kipande cha kibuyu kilichokwisha kutobolewa kilikuwa karibu na mguu wangu, nikakiokota, nikakitazama upande wa nje na upande wa ndani. Ile ncha ya chuma ilikuwa nyembamba mbele, nene nyuma. Kwa hiyo tundu lilikuwa pana kwa nje na dogo kwa ndani. Nikakumbuka mikebe yako. Msumari ulikuwa umeacha midomo ya bati inayoingia ndani, na chumvi ilikuwa inashikwa hapo. Hapa, punje ikishapita upande mdogo hakuna tena cha kuishika. Njia inazidi kupanuka mpaka nje. Na kibuyu hakishiki kutu.

Nilikasirika vibaya sana. Nilikuwa nimetembea mwendo wote ule kukukimbia, na bado ulikuwa umekaa kichwani mwangu unatikisa mkebe.

"Una nini?" Mama Chebet akaniuliza. "Unaongea peke yako."

"Ni mama mkwe," nikasema.

"Amekuja?" Akageuka kutazama njia.

Nilipomweleza alicheka mpaka akaweka kazi chini. Kisha akaingia ndani akatoka na kibuyu kidogo, cha ukubwa wa ngumi, akanipa ncha ya chuma nitoboe mwenyewe upande wa duara. Niliunguza vidole viwili. Nilitoboa matundu saba. Alasiri nikarudi nimelowa mvua, nikakiweka mbele ya macho yako, pum, mezani, bila salamu.

Ukakigeuza. Ukakitazama kwa nje. Ukaingiza kidole shingoni ukapapasa kwa ndani. Ukatia chumvi, ukatikisa, ikashuka. Nikasubiri. Wewe unajua nilikuwa nasubiri nini.

"Matundu ni mengi," ukasema.

Ningekuua. Lakini tayari ulikuwa umeinuka. Uliziba matundu mawili kwa nta. Ulichonga kizibo cha mti, kipana kwa chini, ili kibuyu kisimame juu ya shingo yake na matundu yaangalie juu. Ulikaanga punje tano za mahindi ukazitia ndani, ziwe zinavunja mabonge kila mtu akitikisa. Ulinituma tena kwa Mama Chebet, kesho yake, na mvua ile, kuomba kofia ya ngozi kama za vibuyu vya maziwa, ya kufunika juu. Nilikwenda huku nanung'unika njia nzima. Na kile kitu kikafanya kazi, mama. Wiki moja, wiki mbili, mvua ikinyesha na isiponyesha. Tukatengeneza vingine vitano. Hoteli ikanyamaza. Watu walikula, wakatikisa, wakaondoka.

Bwana afya alirudi siku ya watu wengi. Aliketi, akaagiza mayai, akakiona kibuyu. Uso ukamkunjamana.

"Nani ametengeneza hiki kitu?" Sauti yake haikuwa ya mtu anayesifu.

Nilikuwa mlangoni mwa jikoni, nimefuta mikono, nimefungua mdomo.

"Mimi," ukasema.

Akakivua kofia, akatikisa juu ya mayai. Ikashuka kidogo, akatikisa tena, ikashuka. Akachungulia ndani, akanusa, akauliza kinasafishwa vipi, ukamjibu. Akala akamaliza. Akasema vizuri sana mama, akaandika kwenye daftari lake, akaenda. Na mimi nikarudi jikoni nikapiga kelele na vyombo vyote vilivyokuwa na uwezo wa kupiga kelele.

Ulikuja ukasimama mlangoni.

"Umesema ni wewe," nikakwambia. Vidole vyangu bado vilikuwa na makovu.

"Alikuwa hajakitikisa," ukasema. "Kama kingeziba, ulitaka nimwonyeshe nani? Wewe, na tumbo hilo?"

Ukaondoka kwenda kumhudumia mtu chai. Kwa hasira yangu yote niliyokuwa nimeiandaa, maneno yote niliyoyapanga tangu pale mlangoni, hukuniachia hata pa kuyaweka. Mtu anafanyaje na mama mkwe kama huyo? Ningekushukuru, lakini ulikuwa umeshaanza kuniita nitoe maharagwe.

Na nilidhani yamekwisha. Siku ya tatu nikakukuta umekaa kwenye kigoda kile kile, umeweka bakuli mbele yako, unabonyeza kitu kwa kidole.

"Nyar Sakwa," ukasema, "njoo uone sukari inavyoshikana."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Tuliishi hivyo mpaka Awino akawa anakimbia na Ouma akapewa zamu ya kusimamia wenzake. Kisha magoti yako yakaanza kukataa baridi ya Kericho, na Ouma akakupeleka nyumbani ziwani, kwenye jua. Hoteli ukaniachia mimi. Kwenye kituo cha basi hukusema lolote la maana. Ulinikumbusha tu nisiache kofia za ngozi zikae na maji.

Baada ya miezi michache ukaniletea barua. Ulimwomba mwalimu wa pale kijijini akuandikie, nami niliijua sauti yako kwenye kila mstari. Uliuliza kama sasa nimejua kupika maharagwe. Ulisema Awino asitembee bila viatu. Na mwisho kabisa ulisema: "Huku kwetu chumvi inashuka yenyewe. Naamka asubuhi sioni la kufanya."

Niliposoma hilo la maharagwe nilichemka. Nilikuwa nimepika maharagwe kwako miaka yote ile. Nikaikunja barua, nikaitia chini ya kitambaa cha kabati, nikasema nitajibu nikipoa. Ule mstari wa mwisho niliusoma kama unavyosoma salamu za kumalizia. Sikusimama juu yake. Wateja walikuwa wanaingia. Kabla ya mavuno habari zako zikafika, nikaja kukuzika nikiwa sijakujibu.

Ni juzi tu, nikihamisha vitu, ndipo nilipoisoma tena yote polepole, nikafika pale mwisho. Nimekukasirikia upya. Mwanamke aliyeweza kukata kifuniko cha sufuria ya mtu bila kubisha hodi angeshindwaje kusema wazi, njoo, nimechoka kukaa, niletee kitu cha kuhangaika nacho? Ungesema hivyo ningekuja. Ningekuja nikinung'unika, lakini ningekuja. Basi lilikuwa linapita mlangoni kwangu kila asubuhi.

Basi haya ndiyo majibu yako, yamechelewa. Maharagwe najua kupika. Awino alivaa viatu. Na hapa Kericho mvua inanyesha tangu jana, sukari imekuwa jiwe kwenye bakuli, nimeijaribu kila namna, na mimi peke yangu sijaiweza.

Lala salama, mama, na usinijibu kwa kunikosoa mwandiko.

Ni mimi, mke wa mwanao,
Nyar Sakwa